Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeitafuta saratani ya watoto kutoka Mulago hadi Johannesburg

Mwishoni mwa miaka ya 1950, watoto waliokuwa wakifikishwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala wakiwa na taya zilizovimba hawakuwa na matumaini makubwa ya kupona. Uvimbe ulikua kwa kasi ya kutisha, ukang'oa meno, ukasukuma macho nje, na katika muda wa wiki au miezi michache mtoto aliaga dunia. Upasuaji haukusaidia, na mashine za tiba ya mionzi hazikuwepo.

Aliyeufumbua ugonjwa huo hakuwa mtafiti wa maabara kubwa. Alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, ambaye maombi yake ya kazi barani Afrika yaliwahi kukataliwa kwa sababu ya ulemavu huo. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt, na leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Kazi aliyoifanya kwa gari kuukuu, kamera na ramani iliwawezesha wanasayansi kupata kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mtoto wa mpima barabara

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, katika eneo ambalo sasa ni Ireland Kaskazini. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi aliyesimamia barabara na madaraja ya jimbo la Fermanagh, lakini jina lake linakumbukwa zaidi kwa jambo jingine kabisa. Katika bustani ya nyumbani kwake aliwanasa ndege wadogo wa kifua chekundu, akawavisha pete miguuni, kisha akachora ramani ya mipaka ya eneo ambalo kila ndege alilimiliki. Kwa kuwa hakuweza kutofautisha rangi vizuri, alitumia pete za maumbo mbalimbali. Wataalamu wa ndege wanamhesabu miongoni mwa waanzilishi wa mbinu hiyo.

Denis alikuwa na umri wa miaka 11 jiwe lilipomgonga usoni katika ugomvi wa watoto. Miwani yake ilivunjika, vipande vya kioo vikaingia katika jicho la kulia, na jicho hilo likapotea.

Alijiunga na chuo cha Trinity mjini Dublin mwaka 1929 akinuia kuwa mhandisi kama baba yake. Baada ya muda mfupi, akiwa ameshika sana dini ya Kikristo, aliamini kwamba wito wake ulikuwa udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye akapata sifa za daktari bingwa wa upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi katika idara ya tiba ya makoloni ya Uingereza, alikataliwa. Waajiri hawakuona vipi mtu mwenye jicho moja angeaminiwa kushika kisu cha upasuaji. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1941 jeshi lilimpokea kama daktari, na utumishi huo ukamfikisha Afrika Mashariki. Vita vilipomalizika aliomba tena, na mwaka 1946 akapangiwa Uganda.

Somo la Lira

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa Uganda, ambako alihudumia eneo kubwa lenye watu wengi akiwa karibu peke yake. Huko alikutana na wagonjwa wengi wa mabusha, na akatambua jambo ambalo wengine wangelipita bila kulitazama: wagonjwa walitoka kwa wingi upande mmoja wa wilaya, na upande mwingine walikuwa wachache mno.

Alihesabu, akalinganisha sehemu na sehemu, kisha akauhusisha mgawanyo huo na minyoo inayoenezwa na mbu. Utafiti huo haukumpa umaarufu, lakini ulimwachia swali ambalo angeliuliza maisha yake yote. Wenzake walitaka kujua mgonjwa anaumwa nini, naye aliongeza: mgonjwa anatoka wapi?

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, hospitali kuu ya nchi na mahali walipofundishiwa madaktari wa Makerere.

Taya za watoto wawili

Mwaka 1957, Hugh Trowell, daktari aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya utapiamlo wa kwashiakoo, alimwita Burkitt katika wadi ya watoto amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Maambukizi ya kawaida hushika upande mmoja, na uvimbe wa saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Burkitt hakuwa na jibu. Alimpiga picha mtoto huyo na kuiweka.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Akimaliza kuwazungukia wagonjwa, alitazama nje kupitia dirishani na kumwona mtoto ameketi kwenye majani pamoja na mama yake, uso ukiwa umevimba kwa namna ile ile. Alitoka nje kumpima na kukuta kwamba tumboni pia kulikuwa na uvimbe. Ugonjwa uliokuwa ajabu ya mara moja sasa ulikuwa umeonekana mara mbili.

Aliporudi Kampala alipekua majalada ya Mulago. Humo alikuta watoto wengi wenye uvimbe wa taya, na wengine wenye uvimbe wa figo, ovari au ini, kila mmoja akiwa ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa. Dalili hizo zilipopangwa pamoja, zilijirudia kwa mtoto mmoja baada ya mwingine. Burkitt alifikia uamuzi kwamba magonjwa hayo yote yalikuwa ugonjwa mmoja.

Haikuwa kwamba hakuna aliyewahi kuuona. Kumbukumbu za Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, zina maelezo na michoro ya watoto wa aina hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha vipande. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha maelezo yake katika jarida la upasuaji la Uingereza, na hayakuvuta macho ya wengi. Baadaye wataalamu wa Kampala walithibitisha kwa hadubini kwamba ilikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili.

Kilomita 16,000 kwa gari kuukuu

Mgeni kutoka Afrika Kusini alimweleza Burkitt kwamba kwao uvimbe huo hauonekani. Kama Kampala ulikuwepo na Johannesburg haukuwepo, basi mahali fulani kati ya miji hiyo palikuwa na mpaka. Burkitt aliazimia kuutafuta.

Kwa ruzuku ndogo alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa na kuvituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani, akiwauliza madaktari kama wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Kila jibu la ndiyo alilichomekea pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pole pole ukajitokeza mkanda mpana uliolikata bara la Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, ukiwa na mkia unaoshuka kusini kwa kufuata pwani ya mashariki.

Barua hazikumtosha. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford pamoja na madaktari wawili: Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, aliyekuwa pia hodari wa ufundi wa magari, na Cliff Nelson. Kwa wiki 10 walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji. Walitembelea hospitali karibu 60, na katika kila moja walionyesha picha na kuuliza swali lile lile.

Mpaka waliuona, lakini haukuwa mstari wa kawaida wa ramani. Karibu na ikweta, uvimbe ulitoweka katika nchi zilizo juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyoelekea kusini kimo hicho kilishuka, hata Msumbiji kikawa mita 300 tu. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi aliyefanya kazi Entebbe, alisaidia kuitatua fumbo hiyo: suala halikuwa mwinuko wenyewe bali joto. Ugonjwa ulikosekana pale ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi, na pia pale ambapo mvua ni haba.

Joto na mvua ndivyo vinavyotawala maisha ya mbu. Burkitt akashuku kwamba saratani hiyo ililetwa na kirusi kinachobebwa na mdudu.

Sampuli iliyochafuka

Kabla ya safari hiyo, mwezi Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti kijana wa virusi vya saratani ya kuku. Kabla mhadhara haujaisha, Epstein alikwisha amua kuiacha kazi aliyokuwa nayo na kukitafuta kirusi cha uvimbe wa Uganda. Walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Kisha mwezi Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege iliyobeba sampuli kutua Manchester badala ya London. Chupa ilipomfikia Epstein baada ya kuchelewa, maji yake yalikuwa yamegeuka kama maziwa. Dalili zote zilionyesha kwamba bakteria wameingia, na kwamba sampuli ilistahili kutupwa. Badala ya kuitupa, Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini. Hapakuwa na bakteria. Yalikuwa maelfu ya chembe hai za saratani, zilizojikwanyua kutoka kwenye kipande njiani na sasa zilikuwa zikielea.

Chembe hizo zilikubali kukuzwa maabara, jambo ambalo lilikuwa limeshindikana hapo awali. Mapema mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, kirusi kilionekana ndani yake. Epstein pamoja na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza ugunduzi huo Machi mwaka huo, na kirusi kikaitwa Epstein-Barr.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka tena. Kirusi hicho hakibebwi na mbu, wala si cha Afrika peke yake. Huenea kwa mate, na watu wazima zaidi ya tisa kati ya kumi duniani wanacho bila kujua. Hata hivyo ramani ya Burkitt haikuwa imedanganya. Mbu alihusika kwa njia nyingine: malaria ya mara kwa mara huivuruga kinga ya mtoto, na kirusi ambacho kwingine hulala kimya hupata nafasi ya kuchangia saratani. Zanzibar, penye joto na mvua lakini palipofanyika kampeni kali dhidi ya malaria, uvimbe huo ulikuwa nadra.

Dawa iliyofanya kazi

Wakati huo huo Burkitt alikuwa na watoto wa kutibu. Aliwasiliana na wataalamu wa Marekani, akapata dawa mpya za saratani kama methotrexate na cyclophosphamide, na kuanza kuzitumia Mulago kwa dozi ndogo. Matokeo yaliwashangaza madaktari: uvimbe uliofunika nusu ya uso ulinywea katika siku chache. Wengi uliwarudia, lakini baadhi yao walipona moja kwa moja. Enzi ambayo saratani chache mno zilitibika kwa dawa pekee, watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba jambo hilo linawezekana.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, chini ya daktari John Ziegler. Wamarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Charles Olweny, daktari Mganda, alikishika na kukivusha katika miaka migumu. Kituo hicho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Mzee wa nyuzinyuzi

Huko Uingereza Burkitt alianza kisa kingine. Alikumbuka kwamba katika miaka 20 ya upasuaji Uganda alikutana kwa nadra na ugonjwa wa kidole tumbo, mawe ya nyongo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, maradhi ambayo Uingereza yalikuwa ya kila siku. Alirudia mbinu yake ya zamani: kuwaandikia madaktari wa vijijini, kuhesabu na kulinganisha. Safari hii alipima pia uzito wa kinyesi na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni, bila kuona haya kulieleza jambo hilo mbele ya hadhira yoyote.

Hitimisho lake lilikuwa kwamba Wazungu walikuwa wamekoboa nafaka zao hadi kuondoa nyuzinyuzi, huku Waafrika wa vijijini wakiendelea kula vyakula visivyokobolewa. Baadhi ya madai yake yalipingwa na kurekebishwa, lakini kitabu chake cha mwaka 1979 kiliuzwa sana, na ushauri wa kula nyuzinyuzi sasa umo katika miongozo ya lishe duniani.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo akashiriki tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Ugonjwa unaobeba jina lake haujaondoka. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wanaougua hupona. Katika mkanda ule ule aliouchora kwa pini, wanaopona ni wachache zaidi, kwa sababu wengi hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, au dawa hukatika kabla ya matibabu kukamilika. Chembe za uvimbe huo zinaweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili, na kwa mtoto aliyevimba taya, kila siku ya kungoja ina uzito wake.