John Smeaton na Misingi ya Madaraja

Je, umepata kusimama juu ya daraja la Mto Kanoni mjini Bukoba, au la mto wowote huko Muleba, wakati wa masika? Maji huwa mengi, nayo huenda kwa nguvu. Yanapogonga nguzo ya daraja hushuka chini, huzunguka na kuchimba mchanga ulio kando ya msingi. Shimo likizidi, nguzo hukosa pa kusimama, na daraja huanguka.

Mtu mmoja aliyepambana na hatari hiyo ni John Smeaton. Alizaliwa mwaka 1724 karibu na mji wa Leeds, Uingereza. Baba yake alitaka awe mwanasheria, lakini kijana huyo alipenda kutengeneza vyombo. Mwaka 1759 alimaliza kujenga mnara wa taa wa Eddystone, juu ya mwamba baharini.

Siku hizo nguzo moja ya kati ya Daraja la London iliondolewa ili mashua zipate njia pana. Maji yakapita hapo kwa wingi, yakaanza kuchimba misingi ya nguzo za jirani. Watu wakaogopa kuvuka. Smeaton akaitwa. Alipokwisha kupima, alishauri mawe makubwa yatupwe mtoni kuzunguka nguzo. Malango ya kale ya jiji yalikuwa yamebomolewa na mawe yake kuuzwa. Mawe hayo yakanunuliwa tena upesi, yakatupwa majini. Mkondo haukuweza kuyabeba, na daraja likaokoka.

Hata hivyo, fundi bingwa naye hushindwa. Mwaka 1780 Smeaton alikamilisha daraja la Hexham, katika Mto Tyne, ambalo misingi yake ilikaa juu ya changarawe. Mwaka 1782 mafuriko makubwa yaliichimba changarawe hiyo, daraja likaanguka. Smeaton alihuzunika sana, kwani nguvu ya maji ilizidi makadirio yake. Alifariki mwaka 1792. Mwaka uliofuata daraja jingine lilikamilika mahali pale pale, juu ya misingi imara zaidi, nalo lipo hadi leo.

Jaribio
Simamisha kijiti katika mchanga, kisha mwaga maji polepole kutoka upande mmoja. Shimo linaanzia wapi? Sasa panga kokoto kuzunguka kijiti, umwage maji tena. Eleza tofauti uliyoiona, na sababu yake.