MARIE CURIE NA MOTO USIOONEKANA

Kila tunapoandika juu ya mashujaa, wengi wetu hukimbilia wapigania uhuru. Mimi mara hii nimemchagua mama mmoja wa sayansi, Marie Curie. Nitawasimulia maisha yake, kisha niwaulize swali moja.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, Poland, wakati sehemu hiyo ikitawaliwa na Warusi. Wazazi wake walikuwa walimu, lakini fedha zilikuwa haba. Tena chuo kikuu cha huko hakikupokea wasichana. Basi yeye na dada yake Bronisława wakapatana: Marie afundishe watoto wa matajiri majumbani mwao ili amsaidie dada kusomea udaktari Paris, halafu dada naye amvute. Hata hapa Ruiri tunazijua nyumba zilizosomesha mmoja kwanza ili awainue wengine. Zamu ya Marie ilifika mwaka 1891. Mwaka 1893 aliongoza katika mtihani wa shahada ya fizikia, na 1894 akawa wa pili katika hesabu.

Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwanasayansi mwenzake. Mwaka uliofuata, Henri Becquerel aligundua kwamba madini ya urani hutoa miale isiyoonekana. Marie akaifuata miale hiyo kama mwindaji afuataye nyayo. Mwaka 1898 yeye na mumewe walitangaza elementi mbili mpya: poloniamu na radiamu.

Kuitangaza radiamu ni jambo moja, kuipata mkononi ni jingine. Walifanya kazi katika banda bovu lililovuja mvua. Marie alichemsha magunia kwa magunia ya mawe yaliyosagwa, akikoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Ilimchukua mpaka mwaka 1902 kupata sehemu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Usiku chupa zile ziling'aa zenyewe, naye alifurahi kuzitazama. Kumbe zilikuwa zikimchoma! Vidole vyake viliungua na kukakamaa, na uchovu haukumwacha.

Tuzo ya Nobel ya fizikia waliipata mwaka 1903 pamoja na Becquerel. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Mjane huyo mwenye watoto wawili hakukunja mkeka. Mwaka 1911 alipata Nobel ya pili, ya kemia. Vita vilipozuka mwaka 1914, alitengeneza magari yenye mashine za eksirei, akaenda hadi karibu na uwanja wa vita na binti yake Irène ili madaktari waone risasi zilikokwama miilini mwa askari.

Sasa tuje kwenye gharama. Mwaka 1921 akina mama wa Marekani walichanga dola 100,000 wakamnunulia gramu moja tu ya radiamu. Mwaka 1929 walimpa dola 50,000 za gramu nyingine, kwa ajili ya hospitali ya Warsaw. Mbona bei ilishuka hivyo? Ni kwa sababu ya mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, Kongo, ambako watu weusi waliyachimba mawe hayo kwa mikono chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Nani aliwauliza maoni yao? Hakuna.

Huko New Jersey nako, wasichana walipaka rangi ya radiamu kwenye nyuso za saa. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zikaoza, wengine wakafa. Watano waliwashtaki waajiri wao na kulipwa fidia mwaka 1928. Mwaka huohuo, mjini Stockholm, iliundwa kamati ya kimataifa ya kuwakinga watu na miale.

Marie mwenyewe alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu unaodhaniwa kuletwa na miale. Madaftari yake bado yana miale hadi leo, yamewekwa ndani ya masanduku ya madini ya risasi.

Mgala muue na haki yake mpe. Miale imetibu wagonjwa wengi wa saratani. Ukivunjika mkono ukapelekwa Meru mjini kupigwa eksirei, yule mhudumu hujificha nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza. Ukuta ule una bei yake, lakini maisha yake yana thamani zaidi. Kanuni ya wataalamu ni kupunguza miale kadiri inavyowezekana, huku gharama na hali ya jamii zikiangaliwa.

Swali langu ndilo hili: nani apime gharama hiyo? Wataalamu peke yao? Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kinu cha nyuklia. Wengine waliwaita wajinga. Mimi nakataa. Katiba yetu ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na kushirikishwa si kuitwa mkutanoni kupiga makofi mambo yakiwa yamekwisha kukatwa. Wachimbaji wa Katanga na wasichana wa saa wangeambiwa ukweli mapema, wakaulizwa, huenda wengi wangezeeka.

Wenzangu mnaopenda sayansi, igeni bidii ya Marie. Lakini mkishakuwa wataalamu, msisahau kumuuliza yule atakayeishi karibu na moto.