Mfanya Biashara Aliyeingia Bungeni

Wenzangu, napenda kuwasimulia habari za Dadabhai Naoroji, aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1825. Kwanza alifundisha hesabu mjini Bombay. Mwaka 1855 alikwenda Uingereza kufanya biashara, na mwaka 1859 akafungua kampuni yake ya pamba. Lakini hesabu iliyomsumbua ni ya mali iliyotoka India kila mwaka isirudi. Akaazimia kuwaeleza watawala wenyewe. Mwaka 1892 watu wa Finsbury, London, walimchagua kuwa mbunge. Alimpita mpinzani wake kwa kura zisizozidi 5. Mwaka 1895 alishindwa, lakini hakunyamaza: mwaka 1901 alitoa kitabu chenye hesabu ile. Alifariki mwaka 1917. Nami kila nichokapo na hesabu humkumbuka, maana yeye aliitumia kuwatetea watu wake.