Louis Leakey: mtafuta mifupa aliyefungua njia ya vinasaba

Zaidi ya nusu karne imepita tangu Louis Seymour Bazett Leakey afariki dunia, na jina lake bado hutajwa kila panapozungumzwa asili ya binadamu katika Afrika Mashariki. Wengi humkumbuka kwa mafuvu ya Olduvai. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyepanda mbegu za utafiti wa sokwe, gorila na nyani katika Kenya, Tanzania na Rwanda, na kwamba mbegu hizo zimezaa matunda ambayo yeye mwenyewe hakuyatarajia. Leo hii madaktari wanaotaka kujua kwa nini binadamu huugua UKIMWI, malale au malaria hurejea kwa wanyama hao na kusoma vinasaba vyao.

Leakey alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wamisionari wa Kiingereza miongoni mwa Wakikuyu. Mtoto huyo alikua akizungumza Kikikuyu kama lugha yake, akacheza na kuwinda pamoja na vijana wa rika lake, akatiwa jandoni pamoja nao na kupewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Alipokwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alifanya mtihani wa Kikikuyu kama mojawapo ya lugha zilizotakiwa katika masomo yake.

Masomo yake yalikatizwa baada ya kuumia kichwa akicheza raga. Mwaka 1924 alijiunga na msafara uliokwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, kuchimba mifupa ya dinosaria. Huko alijifunza kazi ya uchimbaji, na aliporudi Cambridge alikwisha kuamua maisha yake yatakavyokuwa. Wataalamu wengi wa zama hizo waliamini kwamba chimbuko la binadamu ni Asia. Leakey alishikilia maoni ambayo Charles Darwin alikuwa ameyatoa karne iliyotangulia, kwamba jibu lingepatikana Afrika, ambako sokwe na gorila wanaishi.

Mwaka 1931 alifika Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika, na bonde hilo likawa sehemu ya maisha yake. Njia haikuwa nyoofu. Taya alilolitangaza kutoka Kanam, karibu na Ziwa Viktoria, lilimletea aibu mwaka 1935, pale mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza alipofika na Leakey akashindwa kumwonyesha kwa uhakika mahali lilipopatikana. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na mwaka 1936 akamwoa Mary Nicol, mwanaakiolojia aliyemzidi kwa uangalifu wa kazi. Mary ndiye aliyepata fuvu la Proconsul katika Kisiwa cha Rusinga mwaka 1948, na ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Mwaka 1961 vipimo vya miamba vilionyesha kwamba fuvu hilo lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1964 Leakey na wenzake wawili walitangaza aina mpya ya zamadamu waliyoiita Homo habilis.

Maisha yake hayakuwa nje ya siasa za ukoloni. Wakati wa vita vya Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni, na katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria alikuwa mkalimani wa mahakama hadi mawakili wa utetezi walipompinga naye akajiondoa. Kwa Wakenya wengi, jambo hilo lilibaki doa katika jina la mtu aliyejiita Mkikuyu.

Kadiri alivyochimba, ndivyo Leakey alivyotambua mpaka wa mifupa. Fuvu huonyesha ukubwa wa ubongo, na jino huonyesha chakula kilicholiwa. Lakini mfupa hausemi jinsi mama alivyomlea mwanawe, wala jinsi kundi lilivyoishi, wala maradhi gani yaliliua. Akahitimisha kwamba anayetaka kuwaelewa wahenga waliokufa hana budi kuwatazama ndugu zao walio hai.

Jaribio lake moja la mwanzo lilifanyika hapa Uganda. Mwaka 1956 alimtuma katibu wake kwenda kwenye Mlima Muhavura, wilayani Kisoro, kuwafuatilia gorila. Kazi hiyo ilidumu miezi michache tu. Leakey hakukata tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alishiriki kuanzisha kituo cha utafiti wa wanyama wa jamii ya nyani huko Tigoni, katika nyanda za juu za Limuru. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa taasisi ya utafiti wa nyani ya Kenya, ambayo leo ina makao yake karibu na mtaa wa Karen, Nairobi, na ambako nyani wametumika kuchunguza kichocho na maradhi mengine ya binadamu.

Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, msichana wa Kiingereza aliyekuwa ameajiriwa na Leakey bila shahada yoyote ya chuo kikuu, alishuka kwenye ufuko wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Leakey alikuwa amemtafutia fedha kwa mfadhili wa Kimarekani. Kabla ya mwaka huo kwisha, Goodall alimwona sokwe akichagua kijiti, akikitengeneza na kukitumia kuvua mchwa kichuguuni. Hadi wakati huo wataalamu walimtambua binadamu kwa uwezo wake wa kutengeneza zana, na Leakey aliona mara moja kwamba maana hiyo haiwezi kusimama tena. Mwaka 1967 Dian Fossey, naye akiwa ametafutwa na Leakey, alijenga kambi ya Karisoke katika milima ya Virunga upande wa Rwanda. Mwaka 1971 Birutė Galdikas alikwenda Borneo kuwafuatilia orangutani.

Somo la kwanza kuhusu maradhi lilikuja mapema, na lilikuwa chungu. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walikumbwa na ugonjwa wa kupooza uliodhaniwa kuwa polio. Baadhi yao walikufa, na wengine walibaki wakiburuta mkono au mguu. Goodall na wasaidizi wake waliwapa chanjo ya matone iliyofichwa ndani ya ndizi. Ugonjwa wa watu ulikuwa umeonekana msituni, na dawa ya watu ilitumika kuukabili. Ujamaa ambao Leakey aliutafuta kwenye mifupa ulikuwa umo pia katika damu.

Hata hivyo, damu ndiyo iliyomtia Leakey katika mgogoro wake wa mwisho wa kitaalamu. Mwaka 1967 Vincent Sarich na Allan Wilson, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walichapisha vipimo vya albumini, protini iliyo katika damu. Walilinganisha albumini ya binadamu na ya wanyama wengine, wakapima tofauti zilizojilimbikiza, kisha wakazitumia tofauti hizo kama saa. Hesabu yao ilionyesha kwamba ukoo wa binadamu uliachana na ule wa sokwe na gorila takriban miaka milioni 5 iliyopita. Leakey aliamini kwamba utengano huo ulitokea zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na aliona kwamba visukuku vyake kutoka magharibi mwa Kenya vinathibitisha hivyo. Aliikataa saa ya protini hadharani, na mwaka 1970 akaandika makala ya kuipinga.

Tarehe 1 Oktoba 1972 alifariki kwa ugonjwa wa moyo jijini London, akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mgogoro ule ulikuwa haujaisha.

Wakati umetoa hukumu yake, nayo ina pande mbili. Kuhusu miaka, Leakey alikosea: wataalamu wengi leo huweka utengano kati ya binadamu na sokwe karibu na ule muda wa Berkeley kuliko muda wake. Kuhusu thamani ya wanyama wenyewe, alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwaka 1975 Wilson na Mary-Claire King walionyesha kwamba protini za binadamu na za sokwe zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2005 ramani ya vinasaba vya sokwe ilipochapishwa, ilibainika kwamba herufi za DNA zinazoweza kulinganishwa moja kwa moja hutofautiana kwa takriban asilimia 1.2 tu.

Mfanano huo ndio unaoipa tofauti uzito. Viumbe wawili wakikaribiana kiasi hicho, kisha mmoja akaugua na mwingine asiugue, mahali pa kutafuta sababu panakuwa padogo. Mfano mzuri zaidi umetoka katika msitu ule ule ambako Leakey alimtuma Goodall.

Kirusi cha UKIMWI kilichoenea duniani kilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, wala si wa Gombe. Lakini sokwe wa Gombe nao wana kirusi cha ukoo huo. Watafiti hawakulazimika kuwakamata wala kuwachoma sindano. Waliokota kinyesi na kukusanya mkojo chini ya miti, wakapata humo kirusi pamoja na vinasaba vya mnyama mwenyewe. Kwa kuwa kila sokwe wa Gombe ana jina, mama anayejulikana na kumbukumbu za maisha zilizoandikwa kwa miaka mingi, iliwezekana kuuliza swali ambalo kwingineko lisingejibika: je, walioambukizwa hufa mapema? Jibu lilitolewa mwaka 2009. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri huo. Hadi hapo wengi walidhani kwamba virusi vya aina hiyo haviwadhuru wanyama wanaoishi navyo porini, kama inavyoonekana kwa tumbili wa Afrika.

Uchunguzi uliofuata ulitazama jeni zinazosaidia mwili kumtambua adui. Baadhi ya sokwe wa Gombe wana aina ya jeni iliyohusishwa na kiasi kidogo cha kirusi mwilini. Aina hiyo inafanana na ile inayowasaidia baadhi ya watu kuishi na VVU kwa miaka mingi kabla ya kuugua. Hivyo, wanaotafuta tiba au chanjo wana ushahidi kwamba kinga ya namna hiyo haikuzuka kwa binadamu peke yake.

Kwa Uganda, mfano ulio karibu zaidi ni wa malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na pwani ya Ziwa Viktoria, na hadi leo Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za vimelea vyake. Damu ya nyani huviua vimelea vya aina ya mashariki, ambavyo damu ya binadamu hushindwa kuviua. Sababu imepatikana katika jeni iitwayo APOL1. Binadamu anayo, nyani anayo kwa umbo lenye nguvu zaidi, na sokwe hana kabisa inayofanya kazi. Mwaka 2010 ilithibitika kwamba maumbo mawili ya jeni hiyo, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na yanayosaidia dhidi ya malale, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyeyarithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Ngao dhidi ya mbung'o imekuwa mzigo kwa figo.

Kusini mwa Kenya, nyani wa Amboseli, ambao wamefuatiliwa tangu mwaka 1971, nao wametoa fundisho. Mwaka 2009 ilionekana kwamba tofauti katika jeni yao moja huathiri uwezekano wa kupata kimelea cha ukoo wa malaria. Kwa binadamu, jeni hiyo hiyo huwakinga Waafrika wengi dhidi ya aina mojawapo ya malaria.

Matokeo haya yasichukuliwe kupita kiasi. Nyani si mtu, na dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Pia lipo swali la haki za wanyama wanaofungiwa kwenye maabara, ambalo kila nchi inapaswa kulijibu kwa sheria zake. Gombe na Amboseli zimeonyesha kwamba mengi yanaweza kujulikana bila kizimba, mradi wanyama wawepo na watu wa kuwafuatilia wawepo.

Hapo ndipo urithi wa Leakey ulipo hatarini. Gombe ni hifadhi ndogo iliyozungukwa na mashamba na vijiji, na mafua ya mtalii au ya mwanakijiji yanaweza kuua sokwe wengi kwa wiki chache. Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, miaka 53 kamili tangu siku aliyokufa aliyemtuma. Daftari za Gombe bado zinaandikwa, nyingi kwa mikono ya Watanzania wanaoingia msituni kila asubuhi. Kila sokwe anayekufa bila kuacha mtoto huondoka na aina za jeni ambazo huenda hakuna mwingine anazo, na mtafiti wa kesho hatakuwa na mahali pa kuziuliza.