Marehemu Mzee Kleist Sykes

Ndugu wenzetu tuliosoma Mlowo, wazee wetu walisimulia vita ya Wajerumani iliyopita huku, hata Novemba 1918 ikafika Fife, ng'ambo ya Tunduma. Safari hii tumkumbuke askari mmoja wa vita ile, marehemu Mzee Kleist Sykes.

Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, aliletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kuwa askari, akafariki mtoto angali mdogo. Kleist akalelewa na mwenzake baba, Affande Plantan, naye akaingia jeshini akiwa kijana.

Vita ilipokwisha alifanya kazi katika reli, Dar es Salaam. Mwaka 1929 wakaanzisha African Association, Cecil Matola akiwa rais, yeye katibu. Kwa mtu aliyezoea kupokea amri, hiyo haikuwa kazi ndogo!

Lakini sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni nyumba yake. Wanawe Abdulwahid na Ally walipigana Burma upande wa Waingereza, waliokuwa adui wa baba yao. Mdogo wao, Abbas, alikuja kuwa balozi. Mzee alifariki mwaka 1949. Tarehe 7 Julai 1954, Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa watu 17 walioasisi TANU.

Kabla ya kufa aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake akazitumia katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wazee wetu wa huku waliobeba mizigo ya vita ile hawakuandikiwa hata ukurasa.