Don Yenko

Don Yenko (jina kamili: Donald Frank Yenko, 27 Mei 1927 – 5 Machi 1987) alikuwa mfanyabiashara wa magari na dereva wa mbio kutoka jimbo la Pennsylvania, Marekani. Anajulikana hasa kwa kuchukua magari ya kawaida ya Chevrolet, kuyabadilisha injini, boneti na mapambo, kisha kuyauza kwa jina lake mwenyewe. Yanayokumbukwa kuliko yote ni Yenko Camaro ya miaka 1967 hadi 1969.

Maisha ya awali

Yenko alizaliwa Bentleyville, mji mdogo wa Pennsylvania ya magharibi. Baba yake, Frank Yenko, alikuwa wakala wa Chevrolet, na mwaka 1949 familia ilifungua duka la magari Canonsburg, kusini-magharibi mwa Pittsburgh. (Canonsburg ndiko walikotoka pia waimbaji Perry Como na Bobby Vinton, kwa mji wa ukubwa wake si haba.) Don alijifunza kurusha ndege akiwa kijana, akasoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, kisha akaingia katika biashara ya nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kushindana kwa magari ya Corvette. Alikuwa bingwa wa taifa wa chama cha SCCA katika daraja la B la magari ya kawaida mwaka 1962 na tena mwaka 1963. Sifa hizo zilileta wateja. Vijana waliotaka gari la mbio walipendelea kulinunua kwa mtu aliyejua kuliendesha, na karakana iliyokuwa nyuma ya duka ikageuka kuwa mahali pa kutengenezea magari ya mashindano.

Stinger

Mwaka 1965 Carroll Shelby alileta uwanjani Mustang GT350, gari jepesi lililoanza kuzishinda Corvette katika daraja lao. Yenko alichoka kubaki nyuma akatafuta gari jingine la Chevrolet. Chaguo lake liliwashangaza wengi: Corvair, gari dogo lenye injini nyuma, ambalo mwaka huohuo lilishambuliwa vikali na mwanasheria Ralph Nader katika kitabu chake kuhusu usalama wa magari.

Kanuni za SCCA ziliweka vikwazo viwili. Gari la michezo lilitakiwa kuwa na viti vya watu wawili tu, na lilitakiwa litengenezwe kwa wingi, si gari moja la kushindania. Yenko aling'oa viti vya nyuma, akaagiza Corvair 100 zote nyeupe, na mafundi wake wakafanya kazi mfululizo ili zikaguliwe kabla mwaka 1966 haujaanza. Zilipewa mistari ya buluu na kifuniko cha injini cha faibaglasi chenye bawa dogo. Gari hilo liliitwa Yenko Stinger. Mwaka 1967 dereva Jerry Thompson alilitumia kushinda ubingwa wa taifa wa daraja la D.

Injini ya inchi 427

Camaro ilipotoka kwa mwaka 1967, wateja wa Canonsburg waliuliza swali moja: kwa nini haina injini kubwa? Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na kanuni ya ndani iliyokataza injini inayozidi inchi za ujazo 400 katika magari yake madogo na ya kati. Corvette iliruhusiwa, na magari makubwa ya familia yaliruhusiwa, Camaro haikuruhusiwa. Hivyo Chevrolet ilikuwa na injini ya inchi 427 (takriban lita 7) yenye nguvu za farasi 425 iliyoitwa L72, lakini haikuweza kuiweka ndani ya gari ambalo wanunuzi waliitaka.

Kanuni hiyo haikumfunga wakala. Yenko alinunua Camaro zenye injini ndogo, akaitoa injini ya kiwandani na kuweka L72 mahali pake. Zilizotolewa hazikutupwa, zilipata wanunuzi wake. Katika kazi hiyo alishirikiana na Dick Harrell, dereva maarufu wa mbio fupi za mstari ulionyooka. Magari yaliuzwa Canonsburg na pia kupitia mawakala wengine wa Chevrolet waliotaka kuwa nayo dukani.

Lakini njia hiyo ilikuwa na gharama. Kila gari lilihitaji saa nyingi za fundi, na mnunuzi alibaki na wasiwasi kuhusu dhamana ya kiwanda kwa gari ambalo injini yake haikufungwa na kiwanda. Kwa hiyo Yenko akatafuta mlango mwingine. Chevrolet ilikuwa na utaratibu wa oda maalumu za ofisi kuu, unaojulikana kwa kifupi COPO, uliokuwepo kwa ajili ya wateja kama polisi na kampuni za teksi waliohitaji vifaa visivyokuwa katika orodha ya kawaida. Mwaka 1969, kwa oda namba 9561, kiwanda chenyewe kilifunga L72 ndani ya Camaro, pamoja na rejeta kubwa na ekseli imara ya nyuma. Kanuni ya inchi 400 ilikuwa bado imeandikwa. Oda ya teksi ndiyo iliyoipita.

Kwa njia hiyo Yenko aliuza Camaro 201 za mwaka 1969 na Chevelle 99. Aliweka injini hiyohiyo pia katika Nova, gari jepesi zaidi, lakini hizo hazikufika 40. Yenko mwenyewe alikiri baadaye kwamba Nova hiyo ilikuwa na nguvu kupita kiasi kwa barabara ya kawaida.

Boneti

Kwa mtazamaji, tofauti ya kwanza kati ya magari haya na ndugu zao wa kawaida ilikuwa boneti. Mwaka 1967 karakana ya Yenko iliondoa boneti ya chuma ya Camaro na kuweka ya faibaglasi, iliyoinuka katikati kwa umbo la boneti ya Corvette ya mwaka huo. Ilikuwa nyepesi, na ilimwambia kila aliyeiona kwamba chini yake kuna injini ya Corvette.

Boneti ya mwaka 1969 ilitoka kiwandani na ilikuwa ya chuma. Jina lake la oda ni ZL2. Asiyeijua hudhani imewekwa kinyume, kwa sababu mdomo wake hautazami mbele bali unatazama kioo cha dereva. Sababu ni kwamba gari likienda kasi, hewa hugonga chini ya kioo cha mbele na kujikusanya hapo kwa shinikizo. Boneti huivuta hewa hiyo hadi kwenye kabureta. Hewa ya nje ni baridi kuliko ile iliyozunguka injini, na hewa baridi hubeba oksijeni zaidi kwa ujazo uleule, hivyo mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa. Kifuniko kidogo kilifunguliwa kwa umeme pale tu dereva alipokanyaga mafuta karibu hadi mwisho.

Juu ya boneti hiyo, na ubavuni, Yenko alibandika mistari na herufi sYc, yaani kifupi cha jina aliloyapa magari hayo: Yenko Super Car.

Bima na miaka ya mwisho

Kufikia mwaka 1970 kampuni za bima zilikuwa zimepandisha sana ada kwa vijana wenye magari ya injini kubwa. Yenko alijibu kwa Nova iliyoitwa Deuce, yenye injini ya inchi 350 tu. Kwenye karatasi ilionekana kama gari la kawaida. Kwa kweli injini yake ilikuwa LT-1 yenye nguvu za farasi 360. Aliuza takriban 175. Baada ya hapo sheria za kudhibiti moshi zilibana zaidi. Alijaribu gari dogo la Vega, na mwaka 1981 Camaro yenye turbo ambayo haikufika 20. Mwaka 1982 aliuza biashara ya familia.

Tarehe 5 Machi 1987 alifariki katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe, karibu na Charleston, West Virginia. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Kutambua magari yake

Bei ya Yenko Camaro halisi imepanda mno tangu kifo chake, na magari ya kuigiza yamekuwa mengi. Namba ya chesi ya Camaro ya 1969 haisaidii sana, kwa kuwa inaonyesha tu kwamba gari lina injini ya silinda nane. Boneti nayo haitoshi: ZL2 iliuzwa pia kwa wanunuzi wa Camaro SS na Z/28, na nakala mpya zinatengenezwa hadi leo. Kwa gari la 1967 hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa injini ya Yenko haikutoka kiwandani na gari hilo na boneti ya faibaglasi ilipasuka kwa urahisi, hivyo nyingi zilibadilishwa mapema. Wakaguzi huanza na herufi zilizogongwa kwenye bloku ya injini ya mwaka 1969, MN kwa gia za mkono au MO kwa gia za kujiendesha, kisha hutafuta karatasi za mauzo za Canonsburg.