Dedani, Jina la Watu wa Msituni

Sisi wa Nyeri tunamjua Dedan Kimathi, lakini nani amewahi kuuliza huyo Dedan wa kwanza ni nani? Mimi sikuuliza mpaka nilipofika Mwanzo 25. Dedani ni mjukuu wa Abrahamu kwa Ketura. (Yuko mwingine wa ukoo wa Kushi, Mwanzo 10.) Ametajwa kidogo tu, basi. Wadedani wakawa watu wa misafara ya biashara huko Arabuni.

Halafu nikafungua Isaya 21. Wadedani wanalala msituni, wamekimbia upanga, na wenyeji wa Tema wanaambiwa wawapelekee maji na mkate. Hapo nilifunga Biblia kidogo.

Kimathi alizaliwa Tetu mwaka 1920, akasoma Tumutumu, akawa mwalimu kwa muda. Na jina hilo la Biblia akaingia nalo msitu wa Nyandarua. Huku vijijini wako akina mama waliopeleka chakula usiku. Wako pia waliowasaka wale wa msituni. Wajukuu wa pande zote mbili tunakaa benchi moja hapa Gakindu.

Alipigwa risasi, akakamatwa Oktoba 1956. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku moja kabla, alimwandikia padri wa Nyeri, akiomba mwanawe apate shule. Akazikwa bila alama ya kaburi.

Waliompa jina hilo sidhani walikuwa wameifikiria Isaya 21. Mkifika nyumbani, someni mstari wa 13 hadi 15.